Mianga ya ajabu usiku

Mianga ya ajabu usiku (pia: mioto ya mizimu au taa za majini) ni mianga inayoonekana gizani mahali ambapo mtazamaji hakutegemea kuona taa wala moto, na ambayo chanzo chake hakijulikani kwake wakati huo. Inaweza kuonekana kama nukta moja iliyotulia, kama taa inayotembea juu ya miti, kama mpira wa moto, au kama nukta nyingi zinazowaka na kuzimika. Habari za mianga ya namna hiyo zinasimuliwa karibu duniani kote, katika nchi za baridi na za joto, kando ya mabwawa, milimani, jangwani na baharini.

Hakuna chanzo kimoja kinachoeleza mianga yote. Ile iliyochunguzwa kwa vipimo mara nyingi ilitoka kwenye taa za watu, moto wa kawaida, viumbe hai, nyota na sayari, au umeme wa angani. Sehemu ndogo bado inajadiliwa na wataalamu. Makala hii inaeleza vyanzo vinavyowezekana kwa kufuata mazingira ya wilaya za Nachingwea na Ruangwa, Mkoa wa Lindi, kusini mashariki mwa Tanzania.

## Majina na imani

Katika Kiswahili kuna maneno mawili yanayoandikwa "mwanga". La kwanza, lenye wingi "mianga", humaanisha nuru. La pili, lenye wingi "wanga", humaanisha mtu anayedhaniwa kutoka usiku kufanya uchawi. Tendo lake huitwa "kuwanga". Maneno hayo yako katika ngeli tofauti, lakini kwa umoja yanasikika sawa, na katika masimulizi ya usiku maana zake huwa karibu: mwanga unaotembea peke yake husemwa kuwa umebebwa na mwanga.

Wenyeji wa kusini mashariki mwa Tanzania, wakiwemo Wamwera, Wamakua, Wamakonde na Wayao, wana mapokeo kuhusu mizimu ya wazee waliofariki, ambayo katika baadhi ya lugha za huko huitwa mahoka. Kwa Waislamu wengi wa pwani na bara, mwanga usio na mwenyewe huweza kuhusishwa na majini. Kuhusu vimondo, mapokeo ya Kiislamu husema ni vijinga vya moto ambavyo mashetani hutupiwa wanapojaribu kusikiliza habari za mbinguni.

Ulaya nako watu walikuwa na imani zao. Mwanga ulioonekana juu ya mabwawa uliitwa kwa Kilatini *ignis fatuus*, yaani moto mpumbavu, na ulisemwa kuwa huwapoteza wasafiri njia mpaka wakazama matopeni.

## Mazingira ya Nachingwea na Ruangwa

Wilaya hizi mbili zinapakana. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni misitu ya miombo pamoja na mashamba ya korosho, ufuta, mbaazi, mihogo na mahindi. Kuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Miezi inayobaki ni kiangazi. Mto Mbwemkuru hupita upande wa kaskazini ukielekea Bahari ya Hindi. Mito mingi midogo hukauka wakati wa kiangazi na kuacha madimbwi na matope mabondeni. Katika baadhi ya sehemu, hasa upande wa Nachingwea kuelekea Masasi, milima ya mawe inasimama peke yake juu ya ardhi iliyo tambarare. Aliye juu ya mlima huo anaweza kuona taa iliyo mbali sana, wakati aliye bondeni haoni chochote.

Vyanzo vya mwanga vya eneo hili vimebadilika kadiri ya nyakati. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Mapori yalifyekwa kwa matrekta, uwanja wa ndege ukajengwa, na reli ikafikishwa Nachingwea kutoka pwani. Mradi ulishindwa na kuachwa mwaka 1951. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye, katika miaka ya 1960 na 1970, Nachingwea ilikuwa na kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji. Kwa hiyo masimulizi ya mwaka 1950 yanaweza kuhusu taa ya garimoshi, jambo lisilowezekana kwa masimulizi ya leo. Siku hizi zipo taa za pikipiki na magari, taa za umeme wa jua, na taa za kichwani za wachimbaji wadogo wa madini, hasa Ruangwa.

## Vyanzo vinavyowezekana

### Moto na taa za watu

Katika miezi ya kiangazi mashamba huandaliwa kwa kuchoma majani, na mara nyingi moto huo hutoroka na kuingia porini. Baada ya moto kupita, kisiki au gogo linaweza kuendelea kuwaka ndani kwa ndani kwa siku kadhaa. Upepo ukivuma huwaka kwa nguvu. Upepo ukitulia hufifia. Kwa mtu aliye mbali, hiyo ni taa inayowaka na kuzima yenyewe bila mtu. Tanuri la mkaa lililopata ufa huonekana vivyo hivyo.

Watu pia hutembea na taa usiku kwa sababu nyingi. Mkulima hulala kwenye dungu shambani ili kufukuza nguruwe pori, naye huwasha moto au kumulika kwa tochi. Wawindaji, warina asali na wachimbaji hutumia tochi au taa za kichwani. Taa ya kichwani huonekana kutoweka ghafla mvaaji anapogeuka, kisha hutokea tena mahali pengine.

### Kupinda kwa nuru hewani

Katika usiku mtulivu usio na mawingu, hasa Juni hadi Agosti, ardhi hupoa haraka. Hewa ya baridi hutulia chini na hewa ya joto hubaki juu yake. Nuru inayopita katika tabaka hizo hupinda kidogo kuelekea chini, na hivyo inaweza kufuata umbo la ardhi na kufika mbali kuliko kawaida. Taa ya gari iliyofichwa na mwinuko huweza kuonekana ikielea juu ya upeo wa macho, ikijigawa mara mbili au ikibadilika rangi. Ni jamaa ya mazigazi yanayoonekana barabarani mchana, ingawa mazigazi ya barabarani hutokea hewa ya chini ikiwa ndiyo yenye joto.

Barabara ya Mingoyo–Masasi hupita Nanganga na Ndanda, na barabara nyingine huunganisha Nanganga, Ruangwa na Nachingwea. Gari linaloshuka mteremko huelekeza taa zake upande mmoja kwa muda mfupi tu. Mtu aliye kilomita nyingi kutoka hapo huona mwanga mmoja mkali bila kusikia ngurumo ya injini.

### Gesi ya matopeni

Majani na mizizi inayooza chini ya maji pasipo hewa hutoa gesi ya methani. Mwanafizikia Mwitalia Alessandro Volta alichunguza gesi hiyo mwaka 1776 katika matope ya Ziwa Maggiore, akaonyesha kwamba inawaka. Methani haijiwashi yenyewe katika joto la kawaida la hewa, na ndiyo maana wataalamu wengi walidhani kwamba huwashwa na gesi nyingine za fosforasi, ambazo baadhi yake huwaka zinapokutana na oksijeni. Mwaka 2025 kikundi cha mwanakemia Richard Zare wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilionyesha kwamba cheche ndogo sana za umeme hutokea kati ya viputo vya methani vinavyopanda majini, na kwamba cheche hizo zinaweza kuanzisha mwako hafifu.

Mwanga wa aina hii, ukitokea, huwa hafifu, wa rangi ya buluu, na hubaki karibu na maji. Unaweza kufikiriwa kwa madimbwi na mabonde ya mpunga. Hauwezi kueleza mwanga mkali mwekundu unaoonekana juu ya mlima wa mawe.

### Viumbe hai

Kimulimuli (pia: kimetameta) hutoa nuru tumboni kwa mmenyuko wa kemikali unaotumia oksijeni na usiotoa joto la kuhisika. Nuru hiyo ni ishara ya kuitana kati ya dume na jike. Vimulimuli huonekana zaidi majira ya mvua, kandokando ya maji na kwenye majani marefu.

Macho ya komba, paka, fisi na wanyama wengine wengi wa usiku yana tabaka la nyuma linalorudisha nuru. Macho hayo hayatoi nuru yenyewe: yanang'aa tu yanapomulikwa. Komba anaporuka kutoka mkorosho mmoja hadi mwingine mbele ya mtu mwenye tochi, nukta mbili nyekundu zinaonekana kuruka hewani. Tochi ikizimwa, nazo hupotea.

### Umeme wa angani na ardhi

Wakati wa mvua, radi iliyo mbali huangaza mawingu bila sauti kusikika. Kuna pia taarifa za radi ya duara, yaani mpira wa nuru unaoelea kwa sekunde chache wakati wa mvua ya radi. Mwaka 2012 wanasayansi wa China waliokuwa wakipima radi za kawaida walirekodi kwa bahati mpira wa namna hiyo baada ya radi kupiga ardhi. Vipimo vyao, vilivyochapishwa mwaka 2014, vilionyesha elementi za silikoni, chuma na kalisi, ambazo ni za udongo. Nuru hiyo ilidumu chini ya sekunde mbili.

Mianga imeripotiwa pia wakati wa matetemeko ya ardhi. Picha za mianga ya aina hiyo zilipigwa Matsushiro, Japani, katika mfululizo wa matetemeko ya miaka 1965 hadi 1967. Namna inavyotokea bado inajadiliwa.

Ruangwa inajulikana kwa madini ya kinywe. Kinywe hupitisha umeme lakini haking'ai gizani. Mawe meupe ya kwatsi yakisuguliwa au kugonganishwa kwenye chumba chenye giza hutoa nuru hafifu, jambo ambalo mwanafunzi anaweza kulijaribu mwenyewe. Nuru hiyo ni ndogo mno kuonekana kutoka mbali.

### Vitu vya angani

Sayari ya Zuhura ndiyo inayong'aa kuliko kitu chochote angani isipokuwa Jua na Mwezi. Huonekana magharibi baada ya Jua kuchwa au mashariki kabla halijachomoza. Ikiwa chini karibu na miti humetameta kwa rangi nyingi na huonekana kama taa ya mtu. Vimondo hupita kwa sekunde chache. Setilaiti hupita taratibu bila kumetameta, wakati mwingine zikiwa zimefuatana kwa mstari mmoja. Taa za ndege iliyo mbali inayomwelekea mtazamaji zinaweza kuonekana zimesimama kwa dakika kadhaa.

### Jicho na akili

Mtu akikazia macho nukta moja ya nuru gizani bila kuona kitu kingine cha kulinganisha nayo, nukta hiyo huonekana kutembea hata ikiwa imetulia. Muzafer Sherif, mtaalamu wa saikolojia, alitumia jambo hilo katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1935. Aliwaweka watu katika chumba chenye giza, akawaonyesha nuru isiyosogea, akawauliza imesogea umbali gani. Kila mmoja alitaja kipimo chake. Walipowekwa pamoja wakasikilizana, vipimo vyao vilianza kukaribiana. Kwa hiyo watu watano wanaweza kukubaliana kwa unyofu kwamba taa ilitembea, ingawa haikutembea.

Gizani ni vigumu pia kukadiria umbali. Taa ndogo iliyo karibu na taa kubwa iliyo mbali huonekana sawa.

## Mifano iliyochunguzwa

Brown Mountain, Marekani. Mwaka 1922 mtaalamu wa jiolojia George R. Mansfield alipima mwelekeo wa mianga iliyoonekana juu ya mlima huo katika jimbo la North Carolina. Alikadiria kwamba asilimia 47 ilikuwa taa za magari, 33 taa za garimoshi, 10 taa zilizosimama mahali pamoja na 10 mioto ya porini.

Min Min, Australia. Katika nyanda kavu za Queensland watu husimulia mwanga unaowafuata wasafiri. Mwaka 2003 Jack Pettigrew wa Chuo Kikuu cha Queensland alichapisha maelezo yake: tabaka za hewa hupindisha nuru kutoka mbali. Aliweza kuutokeza mwanga huo kwa kutumia taa za gari lililokuwa takriban kilomita 10 nyuma ya mwinuko mdogo.

Paulding, Marekani. Mwaka 2010 wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha jimbo la Michigan waliutazama kwa darubini mwanga uliosemekana kuwa wa mzimu. Waliona magari yakipita kwenye barabara iliyo mbali.

Hessdalen, Norwei. Kuanzia mwaka 1981 wakazi wa bonde hili waliripoti mianga mara nyingi. Uchunguzi ulifanyika mwaka 1984, na kituo cha vipimo kinachojiendesha kikawekwa mwaka 1998. Baadhi ya mianga ilitambuliwa kuwa ndege, magari au sayari. Mingine bado haijapata maelezo yanayokubaliwa na wote.

Bahari ya Somalia. Usiku wa tarehe 25 Januari 1995 mabaharia wa meli ya Kiingereza *Lima* waliona bahari yote ikiwa nyeupe kama maziwa, wakasafiri ndani ya nuru hiyo kwa saa kadhaa. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa wakisimulia jambo hilo tangu zamani. Mwaka 2005 Steven Miller na wenzake walitangaza kwamba wameukuta mwanga huo katika picha za setilaiti za tarehe zilezile. Ulienea takriban kilomita za mraba 15,400 na kuonekana kwa siku tatu mfululizo. Unadhaniwa kutokana na bakteria wanaotoa nuru.

Mfano wa mwisho unaonyesha kwamba masimulizi ya walioona yanaweza kuwa ya kweli hata kabla ya chanzo kujulikana. Ile mitatu ya kwanza inaonyesha kwamba walioona kweli wanaweza kukosea kuhusu kile walichokiona.

## Namna ya kuchunguza

Mwanga mwingi unaweza kutambuliwa bila vifaa vya gharama:

- Andika mara moja tarehe, saa ya kuanza na kumalizika, rangi, hali ya hewa na mahali uliposimama. Kumbukumbu hubadilika haraka baada ya kusimuliana.
- Weka alama ya mwelekeo. Simika vijiti viwili ardhini vikiwa katika mstari mmoja na mwanga. Asubuhi tazama vinaelekea wapi: barabara, shamba, machimbo au nyumba.
- Tumia watazamaji wawili. Wakisimama kilomita 1 mbali kwa upande na mielekeo yao ikatofautiana kwa nyuzi 6, mwanga uko umbali wa takriban kilomita 9.5. Mielekeo isipotofautiana kabisa, chanzo kiko mbali sana, pengine angani.
- Linganisha na kitu kisichosogea, kama ncha ya paa au tawi. Anga huonekana kuzunguka nyuzi 15 kwa saa, hivyo sayari itashuka au kupanda kwa mpango.
- Tazama kwa darubini au kwa kamera ya simu iliyoegemezwa mahali imara.
- Rudi usiku mwingine saa ileile. Mwanga unaorudi majira ya kuchoma mashamba tu una maelezo tofauti na unaorudi majira ya mvua.

Si salama kuufuata mwanga peke yako usiku. Kuna mashimo ya machimbo, nyoka, moto wa porini na watu wasiopenda kuonekana.

## Athari kwa jamii

Moto unaodhaniwa kuwa wa mizimu na kuachwa bila kuangaliwa unaweza kuwa moto kichaa. Mikorosho huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri, na moto wa usiku mmoja unaweza kuiteketeza. Taa za porini zinaweza pia kuwa za wakata miti au wawindaji haramu, ambao hufaidika wanakijiji wakiogopa kusogea.

Athari kubwa zaidi ni tuhuma za uchawi. Katika baadhi ya mikoa ya Tanzania, hasa kanda ya Ziwa na magharibi, wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na wengi wao walikuwa wanawake. Macho mekundu, ambayo kwa mtu aliyepikia kuni miaka mingi hutokana na moshi, yalichukuliwa kuwa dalili. Mwanga ulioonekana karibu na nyumba ya mzee anayeishi peke yake unaweza kutumiwa vivyo hivyo. Lakini mzee ana sababu nyingi za kuwasha kibatari au tochi usiku: kwenda chooni, kutazama kuku, kunywa dawa, au kukosa usingizi tu.

Sheria ya Uchawi ya Tanzania, yenye asili katika sheria ya kikoloni ya mwaka 1928, inakataza kujidai kuwa na nguvu za uchawi na kutishia kuzitumia. Kumuua mtu kwa kumshuku uchawi ni kosa la mauaji kama mauaji mengine.

Mwanga usiojulikana chanzo chake unabaki kuwa mwanga usiojulikana chanzo chake. Hata pale ambapo uchunguzi haujafika mwisho, kama Hessdalen, kukosekana kwa maelezo si ushahidi dhidi ya mtu yeyote.

## Tazama pia

- Kimondo
- Kimulimuli
- Mazigazi
- Radi
- Wilaya ya Nachingwea
- Wilaya ya Ruangwa
- Zuhura